Mahali Pasipofika Risasi

Mheshimiwa Kamanda wa Uwanja wa Shabaha,

KUHUSU: RISASI ZENU ZINAZOFIKA KWANGU, NA OMBI DOGO

Natumaini barua hii itakufikia. Nasema natumaini kwa sababu vitu vinavyotoka kwako kuja kwangu hufika haraka na bila kupotea, lakini vinavyotoka kwangu kuja kwako huishia getini.

Mimi ni dobi. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Baba Pacha, ni dobi pia. Yeye anafua, mimi ninapiga pasi, na mama yake, yaani mama mkwe wangu, anashona vifungo vilivyong'oka. Nyumba yetu ndiyo ile ya bati la kijani iliyo nyuma ya uwanja wenu, ng'ambo ya barabara, pembeni kidogo ya mahali ilipo shabaha. Tulikuwapo pale kabla uwanja haujapimwa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mkufunzi wenu aliwahi kuniambia kwamba nyumba yangu imekaa vibaya, nikaona haya, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake.

Siandiki kwa hasira. Hasira niliimaliza zamani, nikaingia kwenye kufikiri, na katika kufikiri nimepata suluhisho ambalo halitakisumbua kikosi chako hata kidogo. Ila ili ulielewe, itakubidi kwanza univumilie na malalamiko yangu.

1. Mashuka. Mama mwenye nyumba ya wageni, ambaye alikuwa mteja wetu mkubwa, alikuja asubuhi moja, akalitandaza shuka juu ya meza yangu ya pasi, akapitisha kidole kwenye tundu na kukichezesha upande wa pili. "Mama Pacha, hii nini?" Nikamwambia labda ni nondo, mdudu wa kula nguo. Akaligeuza shuka, akanionyesha tundu jingine, na jingine, yote sawasawa kwa ukubwa na yenye kingo nyeusi. "Nondo wenu anavuta sigara?" Akakusanya mashuka yake, yaliyofuliwa na yasiyofuliwa, akaondoka nayo. Alipofika mlangoni akanigeukia na kuniambia kwamba wageni wake hulala wawili wawili na hawapendi kuchunguliwa.

2. Upepo. Nilikuja getini kwako siku hiyohiyo. Nikapokewa na mkufunzi wenu, kijana mwenye filimbi shingoni na adabu nyingi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Mama, tatizo ni upepo. Risasi ni kitu kidogo sana. Upepo ukiisukuma ikiwa njiani, inakwenda unakotaka wenyewe." Nikamwambia, "Afande, mimi naishi kwa kuanika nguo. Upepo ukikohoa tu najua. Leo hakuna hata wa kutikisa soksi." Akatazama juu, akatazama kamba zangu ng'ambo ya barabara, ambako mashati yalikuwa yamening'inia kama watu waliopewa habari mbaya, akaniambia kwamba upepo unaosumbua ni ule wa katikati, ambao watu wa kawaida hawauoni. Tangu siku hiyo mtaani kwetu anaitwa Bwana Upepo. Naomba radhi kwa hilo, halikuanzia kwangu. Lilianzia kwa mama mkwe.

3. Tangi. Mwezi uliofuata risasi ilitoboa tangi letu la maji. Tulikuwa tumelijaza alfajiri, maana mchana bomba linakauka. Ndani ya muda mfupi ua wote ukawa matope, na sare za wauguzi, ambazo zilikuwa kwenye mabeseni chini ya kamba, zikarudi kuwa chafu kuliko zilivyokuja. Hapo kikosi chako kilituletea mtaalamu, fundi wenu wa silaha, na ninakushukuru kwa kumtuma kwa sababu alitufungua macho.

Alikuja na bunduki moja begani na kalamu mfukoni. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanywa chai yetu, akatueleza kwa utulivu kwa nini risasi haziendi zinakoelekezwa. Kumbe ndani ya mtutu kuna michirizi inayoizungusha risasi ili inyooke. Bunduki zenu zimepigwa miaka mingi, michirizi imefutika, na risasi inatoka ikipepesuka kama mlevi anayetafuta nyumba. Kumbe risasi zenyewe ni za mafungu tofauti, nyingine zina baruti nyingi na nyingine kidogo, kwa hiyo moja inapanda, ya pili inashuka. Kumbe mtutu ukipata moto sana unapinda kidogo, na makuruta hupiga mfululizo ili wawahi chakula. Kumbe skrubu za kitako zimelegea, na kile kidude cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu kimepigwapigwa, kwa sababu bunduki zinasafirishwa nyuma ya lori zimerundikwa kama kuni. Na kumbe kuruta mwenyewe, badala ya kukibonyeza kifyatulio polepole, anakivuta kwa nguvu kama anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda.

"Kwa hiyo, dada," akaniambia, "usimlaumu mtu. Ni mambo mengi yanayokutana."

Baba Pacha akamuuliza bunduki hizo zinasafishwaje. Fundi akafurahi sana kuulizwa. Akatoa waya wa chuma, akauingiza kupitia mdomo wa mtutu na kuanza kusugua kwa mikono miwili, akiusukuma na kuuvuta, mpaka jasho likamtoka. Huku akisugua alitueleza kwamba sehemu muhimu kuliko zote ni ukingo wa mdomo wa mtutu, kwa sababu ndio wa mwisho kuigusa risasi, na ukikwaruzika hata kidogo risasi inatoka upande. Kisha akapuliza vumbi la chuma lililokuwa limebaki kwenye ukingo huo. Mimi ni dobi tu, sikuuliza zaidi.

Ushauri wake ulikuwa kwamba tulihamishe tangi. Tulilihamisha kutoka upande wa kushoto wa nyumba kwenda kulia. Kikosi nacho kikahamia kulia.

4. Tuta. Nyuma ya shabaha kulikuwa na tuta kubwa la udongo, refu kupita paa letu. Zamani risasi iliyokosa shabaha ilikuwa inazama humo na mambo yanaisha. Kisha yakaja malori. Kwa wiki nzima yalichota tuta lile na kwenda kulimwaga kwenye kiwanja kimoja chenye bonde, ambacho sasa hakina bonde ila kina nyumba nzuri yenye baraza pande zote. Sisemi ni nyumba ya nani. Nasema tu kwamba mapazia yake huletwa kwetu kufuliwa, na mpaka leo hayana tundu hata moja. Hongera sana kwa baraza.

5. Kiti. Hapa, Mheshimiwa, nitaandika polepole.

Mama mkwe ana kiti chake cha mbao chenye kiegemeo, anachokiweka chini ya kamba ambapo nguo zilizoanikwa humpa kivuli. Hukaa hapo na kopo la vifungo mapajani, anashona, anaimba, ananikosoa. Asubuhi ile alikuwa ananilaumu kwamba nimeiunguza kola ya mwalimu mkuu, na kwa sababu nilimjibu chini kwa chini aliinuka ili anisikie vizuri. Alikuwa amepiga hatua chache tu kunijia. Tulisikia mlio kama wa mtu anayevunja kijiti kikavu. Kopo la vifungo likaanguka. Tulipogeuka, kiegemeo cha kiti kilikuwa na tundu katikati, mahali mgongo wake hukaa, na vipande vya mbao vilikuwa vimetapakaa kwenye matope.

Mama mkwe alikwenda akaingiza kidole kwenye tundu lile, akakitoa, akakitazama. Akaanza kuokota vifungo. Tuliokota wote watatu, yeye, mimi na Baba Pacha, tumepiga magoti. Mwishowe akasema, "Mkwe wangu, leo mdomo wako mchafu umeniokoa. Usizoee."

Tangu siku hiyo hakai tena nje. Anashonea chumba cha ndani, chini sakafuni, kati ya kabati na ukuta, ambapo mwanga hautoshi, na haimbi. Pacha wetu tuliwapeleka kwa shangazi yao. Wanauliza kila simu watarudi lini, na mimi ninawaambia nguo bado hazijakauka.

Baba Pacha ni mtu asiyepaza sauti. Alichukua kile kiegemeo, akakibeba kwapani mpaka getini, akamwonyesha afande wa zamu. Afande alikishika, akakigeuza huku na huku, akamrudishia. "Mzee, tushukuru Mungu," akamwambia. "Ingekuwa tunamlenga mama, tusingemkosa."

Baba Pacha akamuuliza, "Kwani mnalenga nini?"

6. Shabaha. Swali hilo lilimuudhi afande, na kwa hasira akampeleka mume wangu ndani ili akajionee mwenyewe. Nashukuru kwa hasira ile. Baba Pacha aliporudi alikaa kitandani, akavua viatu, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeona nchi nyingine, "Mama Pacha, kule ni safi."

Shabaha yenu, Mheshimiwa, ni bango la mbao lenye picha ya mtu aliyesimama, na limejengewa kibanda kidogo cha kuzuia mvua. Mume wangu alilichunguza juu mpaka chini. Hakuna tundu. Rangi haijachubuka. Alipouliza lilibadilishwa lini aliambiwa halijawahi kubadilishwa, kwa sababu halijachakaa. Begani mwa yule mtu wa picha, ndege wamejenga kiota. Wametaga, wameangua, na makinda yanajifunza kuruka wakati mazoezi yakiendelea.

Nilikataa kuamini. Kwa hiyo tulifanya jaribio. Baba Pacha alimwomba Bwana Upepo ruhusa ya kutundika shuka jeupe mbele ya shabaha, akamweleza kwamba litawasaidia makuruta kuiona vizuri. Bwana Upepo alilipenda wazo hilo akalichukua likawa lake. Asubuhi nzima kikosi kizima kilipiga. Sisi tulijifungia chumba cha ndani na mama mkwe. Tulipotoka, birika lilikuwa limetobolewa, bango la fundi viatu jirani yetu lilikuwa limepoteza herufi ya kwanza, na bati la kijani lilikuwa na nyota mpya. Shuka lilirudi limekauka vizuri, halina hata doa.

Siku iliyofuata tulipeleka kamba nzima. Mashati, sare, vitambaa vya meza vya harusi. Vyote vikarudi salama. Habari zikamfikia mama mwenye nyumba ya wageni, akarudisha mashuka yake, kwa sharti moja tu, kwamba yaanikwe kwenye shabaha na si penginepo. Sasa ndilo swali la kwanza la kila mteja: "Mnaanika kwenu au kule salama?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba tumekuwa tukililia jambo ambalo tayari mmetupa. Kila mtu mtaani anatafuta mahali pasipofika risasi, na serikali imepajenga kwa mbao nzuri, imepapaka rangi, na kupawekea ulinzi mchana na usiku.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Kamanda, kwa unyenyekevu naleta ombi langu. Familia yangu iruhusiwe kuhamia kwenye shabaha.

Hatuhitaji makubwa. Kibanda kile kikiongezwa bati mbili kitatosha vitanda. Maji tutabeba wenyewe. Mtu wa picha abaki alipo, hatutamsumbua, na mama mkwe anasema uso wake ni wa mtu mpole. Makinda ya ndege nayo yabaki, ni majirani wetu. Pacha watarudi kutoka kwa shangazi yao, na watapata uwanja mpana wa kuchezea, alimradi wasisogee mbali na shabaha, ambako ni hatari.

Ila kuna mambo ambayo nitaomba kwa maandishi, maana maisha yetu yatategemea hayo.

Kwanza, makuruta waendelee kulenga shabaha. Wasilenge kingine. Juhudi yao ya kuilenga ndiyo ukuta wetu.

Pili, mafunzo yasiboreshwe. Nimesikia tetesi kwamba wakubwa wanataka kuleta mkufunzi mpya kutoka nje. Nakuomba umtetee Bwana Upepo kwa nguvu zako zote. Ni kijana mwadilifu, na sasa ninaukubali upepo wa katikati.

Tatu, bunduki zisibadilishwe. Mitutu iliyolika ibaki hivyohivyo, mafungu ya risasi yaendelee kuchanganywa, skrubu zisiguswe na lori lisiwekewe godoro. Fundi wa silaha aendelee kusugua kama anavyosugua, na kama waya umekwisha, sisi tunao wa kukaushia nguo.

Nne, tuta lisirudishwe. Udongo ule umeshapata kazi nzuri zaidi pale ulipo.

Najua kuna watakaosema kwamba ombi hili ni la ajabu, kwamba kikosi kinachohitajika kuwalinda raia hakiwezi kuwahifadhi raia mbele ya bunduki zake. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa nyuma ya shabaha hiyo, pembeni wala chini yake. Mimi nimekaa kote huko. Pia nakumbuka ulivyotuambia kwenye mkutano wa mtaa, ukiwa umesimama juu ya meza yangu ya pasi tuliyokuazima, kwamba usalama wetu ndilo lengo lako namba moja. Nilishtuka sana siku ile. Sasa nimeelewa kwamba kuwa lengo lenu ni heshima, na pia ni kinga.

Nakiri kwamba hatukungoja jibu lako. Jumamosi tulipeleka godoro, meza ya pasi na mabeseni, na mama mkwe akaenda na kopo lake. Jumatatu kikosi kilipopiga alikaa mgongo wake ukiwa umeegemea nguzo ya shabaha, juani, akashona vifungo vya makoti ya mahakama. Risasi zilipita mbali kushoto na mbali kulia. Baada ya muda nilimsikia anaimba. Ningekuwa na uwezo ningekutumia sauti ile badala ya barua.

Naomba unifikishie salamu kwa Bwana Upepo, kwa fundi wa silaha, kwa afande wa zamu aliyetushauri tumshukuru Mungu, kwa mpishi ambaye chakula chake kinawaharakisha makuruta, na kwa kila kuruta mmoja mmoja, hasa yule mrefu wa mwisho kulia ambaye risasi yake iligonga kengele ya shule. Salamu pia kwa mama wa nyumbani kwako, na mwambie mapazia yako tayari.

Nabaki mimi, katika kukutakia kikosi chako kiendelee kilivyo,

Mama Pacha,
Dobi, zamani wa nyumba ya bati la kijani, sasa wa Shabaha.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado haijatoka mkononi mwangu nilipopata habari kwamba umesikia tumehamia, na kwamba kwa utu wako umetoa amri kali: kuanzia leo, kuruta yeyote asithubutu kuelekeza bunduki kwenye shabaha, wote walenge kilima kile kitupu kilicho mbali upande wa pili. Mheshimiwa, wametii. Wamelenga kilima wote kwa pamoja. Risasi ya kwanza imempata mtu wa picha katikati ya kifua, ya pili imepita kwenye godoro, na zilizofuata sikuzihesabu kwa sababu nilikuwa nimelala chini kifudifudi juu ya mama mkwe, ambaye hajaumia, ila ana mengi ya kukuambia akifika getini. Tumekimbilia nyumbani na kuacha kila kitu. Nakuomba ulichane ombi langu lote na usahau niliyoandika kuhusu shabaha. Badala yake nina ombi moja tu, na ni la haraka. Kesho asubuhi waamuru wailenge nyumba yetu. Ile ya bati la kijani. Waulenge mlango wa mbele, wote, kwa bidii na kwa ustadi wote mliowafundisha.